MASTAA NA MENO MAPYA: MNASIFIA TABASAMU, MFUPA MNAUJUA?

Najua wengi mmekuja mbio kutafuta ubuyu wa yule msanii wa kike ambaye siku hizi kila akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Jina silitaji, na msinilazimishe kwenye komenti, sheria ya hapa mnaijua. Anayejua anajua. Kinachosemwa mjini ni kwamba alikwenda nje ya nchi kupandikiza meno, akarudi na tabasamu jeupe kuliko sahani za harusi, na sasa jino moja la mbele limeanza kucheza.

Tangu juzi DM zimejaa. Mmoja kaandika "pesa ya danga haidumu". Mwingine kaandika "meno feki, mwili feki". Wa tatu, na huyu ndo kanifanya niandike hii posti, kauliza swali la kiungwana kabisa: "Kwani jino la kupandikiza si chuma? Chuma kinachezaje?"

Jibu lake ni refu kidogo, na mimi nalijua kwa sababu limeingia mpaka ndani ya nyumba yetu. Dada yangu wa tumbo moja amepita njia hiyo hiyo ya meno, bila kamera na bila mashabiki, hapa hapa Mpanda. Kaniruhusu nisimulie kwa sharti moja tu, nisiweke picha. Mimi sio daktari, nimeishia kidato cha nne, ila nimekaa kwenye viti vya kusubiria daktari na bando langu, nikauliza na nikasoma hadi nikaelewa. Kaeni mkao wa kula.

MENO YA STAA NI YA AINA GANI?

Kwanza tuweke mambo sawa. Mtu akisema "fulani kaweka meno" anaweza kuwa anazungumzia vitu vitatu tofauti.

Kuna maganda membamba yanayobandikwa mbele ya meno yako mwenyewe. Kuna kofia, ambapo jino lako linachongwa linabaki kisiki, halafu linavishwa kofia nyeupe. Mengi mnayoyaona kwa watu waliotoka Uturuki mkayaita vipandikizi ni hizi kofia. Halafu kuna kipandikizi chenyewe, na sio kile cha mkononi cha uzazi wa mpango, dada zangu tulieni. Hiki ni skrubu ndogo, mara nyingi ya madini ya titani, inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya pale ambapo jino halipo kabisa. Juu ya hiyo skrubu ndo linafungwa jino la bandia.

Sasa sikilizeni hapa. Ile skrubu haishikwi na gundi, wala haishikwi na fizi. Inashikwa na mfupa ulio hai. Mfupa ukiwa mzima, chuma kinakaa miaka na miaka. Mfupa ukiliwa, chuma kinabaki kinaning'inia kama nguzo ya uzio baada ya mvua kuchukua udongo. Nguzo haijavunjika, udongo ndo umeondoka. Mdau wangu wa DM, ndivyo chuma kinavyocheza.

Hii habari ya chuma kushikana na mfupa iligunduliwa kama bahati. Mwaka 1952 kule Sweden, daktari mmoja anaitwa Per-Ingvar Brånemark alikuwa anafanya utafiti kwa sungura. Aliweka kifaa cha titani kwenye mfupa wa mguu ili aangalie damu inavyotembea. Alipomaliza akataka kukitoa kifaa chake akitumie tena, kikagoma. Mfupa ulikuwa umeota na kukikumbatia. Mwaka 1965 akaweka vipandikizi kwa mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, mtu ambaye taya lake lilikuwa na matatizo ya kuzaliwa. Yule bwana aliishi na meno yale mpaka alipofariki mwaka 2006. Zaidi ya miaka 40, wadau! Kwa hiyo msiniambie meno ya kupandikiza ni ya msimu mmoja kama wigi.

MAFUNDI WA NDANI YA TAYA

Wengi tunadhani mfupa ni kitu kilichokufa, kama jiwe, kwa sababu tunauona kwenye supu. Ukiwa mwilini mfupa una damu, una seli, na unabomolewa na kujengwa kila siku hadi unaingia kaburini.

Ndani yake kuna mafundi wa aina tatu. Kuna wabomoaji, wanaitwa osteoklasti, kazi yao kula mfupa uliochoka. Kuna wajenzi, osteoblasti, wanaoweka mfupa mpya. Na kuna wale waliojengewa humo humo ndani ya ukuta, osteositi, ambao ndo wengi kuliko wote, zaidi ya asilimia 90 ya seli za mfupa wa mtu mzima. Hawa wa mwisho ni kama msimamizi wa ujenzi. Wanasikia uzito unapokaa, wanatuma taarifa: hapa jenga, hapa bomoa. Wakifa hawa, wajenzi na wabomoaji hawaelewani tena.

Skrubu ikizamishwa leo, inabana vizuri kabisa. Halafu wiki chache za mwanzo kubana kunapungua, kwa sababu wabomoaji wanaondoa mfupa ulioumizwa na kutoboa kabla wajenzi hawajamaliza kuweka mpya. Ndo maana kwa kawaida mtu anasubiri kama miezi 3 kwa taya la chini na hata 6 kwa taya la juu, ndipo afungiwe jino. Wapo wanaofungiwa mapema zaidi, lakini hiyo ni hesabu ya daktari, sio ya ratiba ya video yako mpya.

Na mfupa wa taya una wivu. Jino likitoka, ule mfupa uliokuwa unalishika unaona hauna kazi, unaanza kujikunja. Ndani ya mwaka mmoja baada ya jino kung'olewa, upana wa mfupa pale unaweza kupungua kwa kama nusu, na sehemu kubwa ya hiyo inaondoka ndani ya miezi 3 ya kwanza. Angalieni bibi zetu walioishi miaka bila meno jinsi mashavu yalivyoingia ndani. Yale sio mashavu tu, ni taya lililoondoka. Kiboko wa Katavi yeye hana shida, yale meno yake makubwa yanaota maisha yake yote. Sisi tukipewa ya ukubwani ndo basi, hakuna awamu ya tatu.

DADA YANGU NA MAIKI

Haya, tuje nyumbani. Dada yangu ni MC. Harusi, sendofu, kipaimara, mahafali, yeye yupo, kuanzia kumbi za hapa mjini mpaka Inyonga na Majimoto. Miaka miwili iliyopita, kipindi cha masika, bodaboda aliyopanda iliteleza kule Nsemulwa. Mkono ulipona, magoti yalipona, jino moja la mbele juu halikurudi.

Akatengenezewa jino la kuvua, lile lenye kibao cha plastiki cha kubandika juu ya kaakaa. Lilimsaidia, siwezi kulidharau. Lakini MC anaongea saa 6 mfululizo na kupiga vigelegele juu. Siku moja kwenye sherehe Katumba, anaita "kamati ya maandalizi simameni", jino likachomoka likagonga maiki. Spika zikalia to! Ukumbi ukacheka, na yeye akacheka nao, akageuza ikawa utani. Usiku alipofika nyumbani hakula. Kesho yake akaingia kikoba cha pili kwa ajili ya jino la kudumu.

Hapo kuna jambo la pili linalotembea sambamba. Dada yangu ni mwembamba wa kuzaliwa, kama mama yetu. Na nyie mnajua watu wetu. Mwanamke akiwa mwembamba, salamu yake ni "mbona umeisha hivyo, una nini?" Wengine hawaishii hapo, wanaanza kunong'ona kwamba anameza dozi. Mama mmoja wa kamati aliwahi kusema, dada anasikia, kwamba MC wa harusi awe na mwili, sio huyu anayeonekana kama kaletwa kutoka wodini. Kazi mbili zikapita pembeni.

Ndipo akapata vidonge. Vidogo, kwenye kijipakiti cha nailoni kisicho na jina, vya muuzaji wa mtandaoni aliyesema ni "vya asili, vinaleta hamu ya kula na shavu dodo". Na shavu dodo likaja kweli. Ndani ya mwezi mmoja na nusu uso ulikuwa wa duara, nguo zimembana, kila mtu anamwambia "sasa umependeza, umeolewa nini?" Kazi zikarudi. Picha zikapata likes. Nani angeacha?

"DADA, KUNA DAWA UNATUMIA?"

Mwanzoni mwa mwaka huu kikoba kikavunjwa, tukapanda basi kwenda Dar, zaidi ya kilomita 1,000 miguu imevimba. Daktari wa meno akampiga picha, akapima upana wa mfupa. Umepungua, akasema, lakini kuna pa kushika, ila itabidi kuongeza unga wa mfupa kidogo, na hapo bei ikapanda. Tukasema sawa.

Halafu akauliza, "Dada, kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hapana, daktari."

"Hata ya kupaka? Ya kienyeji? Ya kuongeza mwili?"

Dada akaangalia ukutani.

Daktari, mama wa makamo mtaratibu, akaweka kalamu chini. "Mwanangu, siulizi nikugombeze. Nikitoboa huo mfupa bila kujua, wewe unapoteza pesa na mimi napoteza jina. Nimeuona uso wako, nimeiona na michubuko mkononi. Niambie tu."

Kimya. Mimi nimekaa pembeni nimeshika pochi yake na najua kijipakiti kimo humo. Sikusema kitu, maana yale yalikuwa ya kwake kuyasema. Mwishowe akanyoosha mkono, nikampa pochi, akakitoa.

Vidonge havikuwa na jina, kwa hiyo daktari hakuapa ni nini. Alimtuma akapime sukari na presha, na akampeleka kwa daktari wa magonjwa ya ndani. Sukari ilikuwa juu, kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kisukari. Daktari wa pili alisema kila dalili inaonyesha steroidi, na kwenye biashara ya kunenepesha inayotumika sana ni deksamethasoni. Mtaani mnaijua, "dexa".

DEXA INAFANYA NINI KWENYE MFUPA

Niwe mkweli, dexa sio sumu. Ni dawa nzuri ikiwa mkononi mwa anayeijua. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford ulionyesha kwamba dexa miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10, iliokoa maisha ya wagonjwa wa korona waliokuwa wanahitaji oksijeni. Siku 10, hospitalini, kwa sababu maalumu. Hakuna aliyesema miezi 8 kwa ajili ya sendofu.

Ni kali kuliko inavyoonekana. Mwili wako wenyewe unatengeneza homoni ya aina hii kila siku, na dexa isiyofika hata miligramu moja inatosha kuzidi kile mwili unachotengeneza kwa siku nzima. Ukimeza kila siku, maji na mafuta yanahamia usoni na tumboni. Ule uso wa duara tunaousifia kwenye picha, kwa daktari ni dalili ya ugonjwa.

Na kule ndani ya mfupa? Wale mafundi watatu. Steroidi ya muda mrefu inawafanya wajenzi wapungue na wafe mapema, inawaua wasimamizi waliomo ukutani, na wabomoaji inawaongezea siku za kuishi. Yaani umefukuza mafundi, umeua msimamizi, halafu umewapa wenye sururu chakula cha bure. Mfupa huanza kupungua haraka ndani ya miezi ya mwanzo tu ya kutumia, na hauumi. Hakuna kengele. Ukijumlisha sukari iliyopanda, ambayo inachelewesha kidonda kupona na kukaribisha wadudu kwenye fizi, unaona mwenyewe skrubu ya mamilioni inawekwa kwenye ukuta wa namna gani.

Na mkorogo msiusahau. Krimu nyingi za kung'arisha zinazouzwa kwa kificho zina steroidi kali kama klobetasoli. Ukijipaka mwili mzima, kila siku, kwa miaka, ngozi inainywa na inaingia kwenye damu. Zile krimu zimepigwa marufuku nchini kwa sababu, sio kwa wivu.

Narudia, yule staa mimi sijui anakunywa nini. Jino linaweza kucheza kwa sababu nyingi. Kufunga jino mapema mno. Kusaga meno usiku. Sigara na shisha, na sisi huku kwetu kwenye mashamba ya tumbaku tusijifanye hatujui. Uchafu uliojikusanya kwenye fizi mpaka wadudu wakaanza kula mfupa kimya kimya. Kwa hiyo msimbandike yeye habari ya dada yangu.

KWANI HAKUNA DAWA YA KULINDA MFUPA?

Hili najua mtaniuliza, kwa sababu Mtanzania akisikia tatizo anauliza kidonge. Ipo dawa yenye ushahidi, na ni ya kawaida kuliko mnavyodhani: amoksilini. Tafiti zilizokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba gramu 2 za amoksilini, mara moja tu, saa moja kabla ya kuwekewa kipandikizi, zinapunguza vipandikizi vinavyofeli mapema. Ukiwapa watu 25, mmoja anaokoka asipoteze kipandikizi chake. Mara moja, kabla, kwa maelekezo ya daktari. Sio kukaa na makopo nyumbani unameza wiki mbili, na kama penisilini inakudhuru, sema mapema.

Halafu kuna dawa zinazowalaza usingizi wale wabomoaji, zinaitwa bisfosfoneti. Hapa pananifurahisha. Kule Linköping, Sweden, watafiti waliwachukua wagonjwa 16, kila mmoja akawekewa skrubu mbili, moja imepakwa dawa hiyo kidogo sana na nyingine ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2012, na zilizopakwa zilishika vizuri zaidi. Dawa ilikaa pale pale inapohitajika, ikawalinda mafundi wa pale.

Ila usikimbilie duka la dawa. Dawa hizo hizo zikichomwa kwenye mshipa kwa wingi, kama wanavyopewa wagonjwa wa saratani, zinaweza kufanya taya life. Mwaka 2003 daktari Robert Marx wa Miami, Marekani, aliripoti wagonjwa 36 ambao mfupa wa taya ulibaki wazi mdomoni, umekufa, haufunikwi na fizi. Kumbe hata wabomoaji mfupa unawahitaji, maana ukuta usiobomolewa pabovu hautengenezeki. Dawa ile ile, kidogo mahali pake inalinda, nyingi mwili mzima inaweza kuua taya. Mtu anayetumia dawa hizo, au denosumab, lazima daktari wa meno ajue kabla hata ya kung'oa jino moja.

Na kuna dawa za kawaida za kutaja ukiulizwa. Wale wenzangu wa vidonda vya tumbo tunaoishi na omeprazo, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2017 walichapisha kwamba vipandikizi vilifeli zaidi kwa watumiaji wa dawa za kundi hilo. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 inapunguza uzito wa mfupa kidogo, na unarudi mtu akiacha. Hata baadhi ya ARV zinagusa mfupa, lakini mtu anayetumia dawa zake vizuri anaweza kuwekewa kipandikizi kama mtu mwingine yeyote. Msisome hapa mkaacha dawa zenu! Nasema zitajeni. Daktari wa meno sio kamati ya harusi, hatoki na siri yako.

KUACHA NAKO KUNA NAMNA YAKE

Hiki ndo kipande ambacho naomba mkisambaze hata kama mengine hamtasambaza.

Dada aliposikia habari ya mfupa alitaka kuvitupa vidonge chooni jioni ile ile. Daktari akamzuia. Ukimeza steroidi kwa muda mrefu, mwili unaacha kutengeneza ya kwake, kwa sababu unaona inaletwa kutoka nje. Ukikata ghafla unabaki huna ya nje na huna ya ndani. Presha inashuka, unatapika, unaishiwa nguvu, na mtu anaweza kupoteza fahamu na hata kufa. Kwa hiyo inapunguzwa kidogo kidogo, na daktari ndiye anayepanga. Wewe unayesoma hii na una kijipakiti chako kwenye droo, usiache leo usiku kwa hasira. Nenda hospitali kesho asubuhi na kijipakiti mkononi.

Tukarudi Mpanda bila jino. Hela ya kikoba ikarudi benki, pungufu ya nauli na vipimo. Hospitali ya huku ndo iliyompunguzia dozi, miezi zaidi ya mitatu, kila baada ya wiki mbili anakwenda.

Na hapa niwaambie kilichokuwa kigumu. Sio vidonge. Ni watu. Mwili ulivyoanza kupungua, maneno yakarudi pale pale yalipoachwa. Sokoni Buzogwe mama muuza migebuka akamwambia "mwanangu jikaze, siku hizi dawa zipo." Kwenye picha ya sendofu moja mtu akakomenti, "MC kaanza kuisha tena," na emoji ya mshumaa. Emoji ya mshumaa kwa mtu aliye hai! Dada akaniletea simu, akaniuliza, "Mdogo wangu, kwani nikirudia nusu kidonge tu, kutakuwa na nini?"

Nilimwambia, dada, hao wote wakusanye, hakuna atakayechangia skrubu. Akacheka. Hakurudia. Lakini nawaambia ukweli, usiku ule ilikuwa karibu sana.

Ndo maana nasema mfupa wa mtu unaweza kuanza kuliwa kwenye komenti. Tunamwita mwembamba majina, anatafuta kidonge. Kidonge kinampa shavu dodo, tunamsifia. Chini ya shavu dodo mfupa unaondoka, jino linacheza, tunarudi tena kucheka. Mzunguko wote huo sisi tupo, na bando letu tumenunua wenyewe.

Sukari ilishuka. Presha ikakaa sawa. Mwezi wa saba tukapanda basi tena. Saa moja kabla akapewa amoksilini yake mara moja, akatobolewa, skrubu ikaingia na unga wa mfupa pembeni. Hakulia, alisema sindano ya ganzi ndo ilimuuma kuliko kutoboa. Akapewa masharti: asitafunie upande ule, asiguse sigara wala shisha, apige mswaki taratibu mpaka pembezoni, na akiona damu, usaha au fizi inarudi nyuma asisubiri iume.

Sasa hivi anasubiri. Jino halijafungwa bado, anatembea na lile la kuvua, limechongwa upya lisibane kidonda. Kama mfupa utashika au hautashika, hakuna anayeweza kumwapia, hata yule daktari hakumwapia. Alisema tu kwamba sasa mafundi wake wako hai na wana nafasi ya kufanya kazi. Jumamosi ana harusi Mishamo. Amepungua kilo 9, gauni limekazwa kwa pini nyuma, na maiki anaishika kama kawaida.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Aliyewahi kutumia dexa na akaacha salama kwa msaada wa daktari, atuandikie ilivyokuwa, hata bila jina. Aliyepandikiza jino atuambie mwaka wa ngapi sasa. Na anayetaka kuandika "kaisha" chini ya picha ya mtu, leo apumzike kidogo.